Sina Nafasi

Mama mmoja mzee wa kanisani kwetu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaombea watu bila kujitangaza, aliniita pembeni siku moja baada ya kunisikia nikiongoza sala ya kufunga ibada ya katikati ya wiki, akaniambia: "Mwanangu, wewe unaomba kama mtu anayepiga simu huku salio linamwishia." Nilicheka, kwa kuwa na yeye alikuwa anacheka, nikamshukuru, nikamuaga, kisha nikaondoka kwa mwendo ule ule aliokuwa ameutaja, maana nilikuwa na kikao kingine ambacho kilikuwa kimeanza bila mimi. Nilipofika kwenye ngazi za nje ndipo nilipogundua kwamba sikumuuliza hata hali yake, na kwamba shikamoo yangu niliitoa nikiwa nimekwisha kumpa mgongo.

Wakati ule sikujiona kuwa mtu mwenye tatizo. Nilijiona kuwa mtu mwenye bidii, na watu walinisifia hivyo. Nilikuwa na kazi ya kuajiriwa iliyonifuata hadi nyumbani kupitia simu, nilikuwa katika kamati mbili za kanisa na katika kwaya, na nilikuwa na familia niliyoipenda ambayo mara nyingi niliikuta imelala. Kila aliyeniomba jambo nilimjibu kwanza "sina nafasi," kisha nikalikubali. Kilichonishtua hatimaye hakikuwa uchovu, kwa sababu uchovu nilikuwa nimeuzoea. Kilichonishtua ni asubuhi moja ya siku ya mapumziko, siku ambayo sikuwa na pa kwenda, nilipojikuta ninapiga mswaki kwa mkono mmoja huku kwa mkono wa pili nikihangaika kufunga kamba za viatu. Nikasimama wima, mdomo umejaa povu, nikajiuliza ninamkimbilia nani. Sikuwa na jibu. Haraka haikuwa tena jambo nililolifanya kwa sababu fulani, bali ilikuwa imegeuka kuwa tabia ya mwili wangu, kama vile mtu aliyezoea kuishi karibu na mashine anavyoongea kwa sauti kubwa hata akiwa mahali penye ukimya.

Nilifanya basi kile ambacho watu wengi hufanya, nikaomba likizo. Siku tatu za kwanza nililala. Siku ya nne nikaanza kuipangia likizo yenyewe ratiba, nikaandika mambo ya kutekeleza kabla haijaisha, na nikaanza kukasirika kila yalipochelewa. Nilirudi kazini mwili ukiwa umepata nguvu, lakini kile kilichokuwa kinakimbia ndani yangu hakikuwa kimekaa chini hata dakika moja.

Nina udhaifu wa kupenda kufuatilia asili ya maneno, udhaifu ambao mwenzangu anaujua na kuuvumilia, na safari hii ulinisaidia kuliko mahubiri. Kila anayezungumza Kiswahili anaweza kuona kwamba kupumzika kumetokana na pumzi. Anayepumzika ni mtu anayepata kuvuta hewa. Neno nafasi nalo limetufikia kutoka Kiarabu, ambako nafas ni pumzi, na ni la ukoo mmoja na nafsi. Kiebrania cha Agano la Kale kina ndugu wa maneno hayo hayo, nefesh, lenye maana ya nafsi, na katika Kutoka 31:17, panaposemwa kwamba siku ya saba Mungu alistarehe, mwandishi anatumia kitenzi kilichotokana na nefesh, kana kwamba anatuambia kuwa baada ya siku sita za kuumba Mungu alishusha pumzi. Nami kwa miaka mingi nilikuwa ninawajibu watu "sina nafasi" mara kumi kwa siku bila kufahamu ninachokikiri. Nilikuwa ninasema kwamba sina pumzi.

Baada ya hapo sikuweza tena kusoma Mwanzo 2:7 kwa wepesi. Mtu anafinyangwa kwa mavumbi ya ardhi, Mungu anampulizia puani pumzi ya uhai, naye anakuwa nafsi hai. Pumzi na nafsi zimo katika mstari mmoja, na zote mbili mtu anazipokea akiwa amelala chini, hajafanya kazi yoyote, hajastahili chochote. Kisha nikaufikia mwaliko wa Yesu katika Mathayo 11, ambao nilikuwa nimeuimba na kuukariri tangu utotoni: njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha, nanyi mtapata raha nafsini mwenu. Nilikuwa nimeuelewa kama maneno ya kumfariji mfiwa au mgonjwa. Sikuwa nimefikiri kwamba unamhusu mtu mwenye afya njema ambaye hawezi kupiga mswaki kabla hajavaa viatu.

Hata hivyo, kuuelewa mwaliko ni jambo moja, na kujua ni nini kinachokuzuia kuuitikia ni jambo jingine. Kwangu jibu lilitoka Misri.

Amri kumi zimeandikwa mara mbili katika vitabu vya Musa, na sababu inayotolewa kwa ajili ya Sabato si ile ile. Katika Kutoka 20 sababu ni uumbaji: Mungu alifanya kazi siku sita akastarehe siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni utumwa: kumbuka kwamba ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri, na Bwana Mungu wako akakutoa huko. Ile ya kwanza nilikuwa nikiijua vizuri, lakini ya pili ilikuwa imenipita kila mara, na iliponishika nikalazimika kurudi nyuma hadi Kutoka 5 kutazama utumwa wenyewe ulikuwaje. Musa na Haruni wanamwomba Farao awaruhusu watu waende jangwani kumwabudu Mungu wao. Farao anawajibu kwa kuwaondolea watu majani makavu waliyopewa kwa ajili ya kufyatulia matofali, na anaagiza kwamba hesabu ya matofali isipungue hata moja. Watu wanatawanyika nchi nzima kuokota mabua, hesabu haitimii, na wanyapara wa Kiisraeli wanapigwa. Maelezo ya Farao ni mafupi: ninyi ni wavivu, ndiyo maana mnataka kwenda kuabudu. Na katika mstari wa 5, anapowalaumu Musa na Haruni kwamba wanawapumzisha watu katika mizigo yao, kitenzi cha Kiebrania kinachotumika kina mzizi mmoja na neno Sabato. Farao alielewa mapema kuliko Waisraeli wenyewe kwamba watu wakipata kupumzika mbele za Mungu, yeye hatakuwa tena mwenye kauli ya mwisho juu yao.

Niliitambua sauti ya Farao mara moja, kwa sababu nilikuwa nayo kichwani. Sikuwa na haki ya kumlaumu mwajiri wangu, ambaye hakuwa mkatili, wala wazee wa kanisa, ambao waliniomba kwa upole kila walichoniomba. Mnyapara alikuwa mimi. Kila jioni nilihesabu matofali ya siku, na kila jioni hesabu ilipungua, na kwa kuwa ilipungua nililala nikiwa na deni, na kwa kuwa nililala na deni niliamka nikiwa nimechelewa. Siku nilipokuwa mgonjwa nilijiita mvivu kwa maneno yale yale ya Farao. Nilipokuwa na saa moja ya bure niliijaza, si kwa sababu kulikuwa na haja, bali kwa sababu saa tupu ilinitia hofu kama mlango uliosahauliwa wazi usiku. Nadhani hofu ndilo neno lenyewe. Tunapoizungumzia haraka huwa tunaitaja simu, foleni, barua pepe, na watoto wanaotakiwa kupelekwa huku na huko, na hayo yote ni kweli, lakini chini yake kwangu kulikuwa na hofu kwamba nikisimama itaonekana kuwa mimi si kitu zaidi ya matofali niliyoyafyatua.

Mungu anapowatoa watu Misri, hawafikishi moja kwa moja Sinai kuwapa amri. Anawapitisha kwanza jangwani na kuwafundisha kwa matumbo yao. Katika Kutoka 16, mana inashuka kila asubuhi, kila mtu anaokota ya siku hiyo, na anayejaribu kuiweka hadi kesho anaikuta ina mabuu na inanuka. Siku ya sita inapatikana maradufu, na ile inayowekwa kwa ajili ya siku ya saba haiharibiki. Nampenda sana mwandishi wa sura hii kwa sababu hakuficha kilichotokea baadaye: siku ya saba baadhi ya watu walitoka kwenda kuokota, wasione kitu. Mimi ni wa kabila la hao waliotoka. Walikuwa na chakula hemani, kimehifadhiwa na Mungu mwenyewe, lakini miguu iliwawasha, wakaenda kuzunguka jangwani na vikapu vitupu kwa sababu mtumwa wa jana hajui kukaa na kitu alichopewa bure. Ninaamini kwamba siku moja ya pumziko katika kila saba ilikuwa shule ya kuwafundisha watumwa jinsi ya kuwa watoto, na kwamba shule hiyo ilihitaji kurudiwa kila juma kwa sababu somo lake husahaulika ndani ya siku sita.

Serikali nazo zimewahi kujaribu kulifumua juma hilo. Ufaransa, baada ya mapinduzi, ilianzisha mwaka 1793 kalenda yenye majuma ya siku kumi, na Umoja wa Kisovyeti ulianza mwaka 1929 utaratibu wa wafanyakazi kupumzika kwa zamu katika mzunguko wa siku tano ili viwanda visisimame kamwe. Ya kwanza ilifutwa kuanzia Januari 1806, na wa pili, baada ya kubadilishwa njiani, uliachwa mwaka 1940. Ninayataja haya kwa kupita tu, maana mimi nililifumua juma langu bila amri ya serikali yoyote.

Mtu anaweza kudhani kwamba ugonjwa huu umeletwa na simu, na kwa muda mrefu mimi mwenyewe nilidhani hivyo, mpaka nilipokutana na Evagrius Ponticus, mtawa aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399. Huyu hakuwa na simu, wala mwajiri, wala kamati. Alikuwa na chumba kidogo, kazi ya mikono, na zaburi. Naye anaeleza kwa makini yanayompata mtawa kuanzia saa nne asubuhi: jua linaonekana kana kwamba limesimama, siku inaonekana kuwa na saa hamsini, mtawa anatazama dirishani, anatoka nje kupima jua limebakiza kiasi gani kufika saa tisa, wakati wa chakula, kisha anatupa macho huku na huku kuona kama kuna ndugu yeyote anayekuja kumtembelea. (Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa saa tisa hiyo, kwa kuwa sisi bado tunahesabu saa kama watu wa Biblia walivyohesabu, kuanzia kuchomoza kwa jua.) Anachukia mahali alipo, anachukia kazi yake, na anapata wazo kwamba angempendeza Mungu vizuri zaidi kama angekuwa mahali pengine. Nilisoma maelezo hayo huku simu ikiwa mkononi, na katika muda wa kuyasoma nilikuwa nimeifungua mara mbili kuona kama kuna ndugu yeyote anayekuja kunitembelea. Dawa aliyoisisitiza Evagrius ni kubaki chumbani. Haivutii kuhubiriwa, na sijaona aliyeipamba, lakini ni mojawapo ya mambo machache yaliyonisaidia kweli: kuketi mahali nilipo, na kutoondoka wakati jua linaposimama.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na nimewahi kuwasomea wanangu methali hiyo nikiwa nimesimama mlangoni nikiwahimiza watoke upesi. Ni methali ya kweli, ila nimeona kwamba haifiki mahali nilipokuwa nimeumia. Inatuonya kwamba kazi ya pupa huharibika, kwa hiyo bado inaitazama kazi na matokeo yake. Mtu anaweza kwenda polepole, akafanya kila kitu kwa utaratibu mzuri, na bado akawa hana raha, kwa kuwa hesabu ya matofali inaendelea kichwani kwa mwendo wa taratibu. Ndiyo sababu ilinibidi nimtazame Yesu mwenyewe, niione kasi yake.

Hakuna sura iliyonikalisha chini kama Marko 5. Yairo, mmoja wa wakuu wa sinagogi, anaanguka miguuni pa Yesu na kumsihi sana, kwa maana binti yake yu katika kufa. Hii ni dharura halisi, tofauti na nyingi za kwetu. Yesu anaondoka pamoja naye, umati unawasonga, na njiani mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka kumi na miwili anagusa vazi lake na kupona. Kwa hesabu yangu jambo lingeishia hapo: mwanamke amepona, mtoto anakufa, twende. Yesu anasimama. Anauliza ni nani aliyemgusa. Wanafunzi wanaona swali hilo halina maana, kwa kuwa kila mtu anamgusa, lakini yeye anazidi kutazama pande zote mpaka mwanamke anajitokeza akitetemeka na kumweleza kweli yote. Kweli yote ya miaka kumi na miwili, pamoja na waganga wengi waliomtesa na mali iliyoteketea, haielezwi kwa dakika moja. Ninamwona Yairo amesimama kando akisikiliza habari za mgonjwa wa mtu mwingine, na ninakiri kwamba kila nikisoma hapo mwili wangu unakaza. Yesu anamwita yule mwanamke binti. Alipokuwa angali akinena, wanafika watu kutoka nyumbani kwa Yairo kusema kwamba binti yake amekwisha kufa.

Nimekaa sana mahali hapo pabaya, kati ya habari ile na maneno yanayofuata, usiogope, amini tu. Kwa sababu hofu yangu yote ilikuwa hiyo: kwamba nikisimama kwa ajili ya mmoja, mwingine ataangamia, na itakuwa kosa langu. Marko haifichi hofu hiyo wala haidai kwamba ni ya kipumbavu. Mtoto alikufa kweli wakati Yesu akiwa amesimama. Kisha Yesu anaendelea kutembea, kwa kasi ile ile tunavyoweza kuona, anaingia ndani, anamshika mkono msichana wa miaka kumi na miwili, anamwinua, na anakumbuka kusema kwamba apewe chakula. Hakuchelewa, kwa sababu yeye ni yeye. Mimi si yeye, na wala sina uwezo wa kumwinua mtu yeyote, kwa hiyo kuna mambo ambayo yatakufa nikiwa nimesimama. Ila sasa najua yanakufa mikononi mwa nani, na ujuzi huo umenipa ruhusa ya kumaliza kumsikiliza mtu anayezungumza nami.

Kitu kingine kilichonichukua muda kukikubali ni kwamba pumziko analoliahidi Yesu linakuja likiwa limefungwa kwenye nira. Mara baada ya kusema atatupumzisha, anasema jitieni nira yangu. Nira ni mti wanaofungwa ng'ombe shingoni ili wavute jembe, ni chombo cha kazi, na mtu aliyechoka angetarajia apewe godoro. Lakini nilikwisha kuwa na godoro, na lilishindwa. Sikuhitaji kuondolewa kazi zote. Nilihitaji kubadilishiwa bwana. Nira ya Farao huongezwa uzito kila unapoomba kupumzika, lakini mwenye nira hii anajitambulisha kuwa mpole na mnyenyekevu wa moyo. Kazi zangu leo si chache sana kuliko za zamani, kwa kweli. Nilijitoa katika kamati moja, na dunia haikutetereka. Nilibaki katika kwaya kwa sababu naipenda. Kilichobadilika zaidi ni kwamba siku hizi, mara nyingi zaidi kuliko zamani, ninafanya kazi kama mtu ambaye tayari amekubaliwa.

Nieleze basi ninachokifanya, ingawa sipendi sana maelezo ya namna hii, kwa kuwa mimi nilikuwa bingwa wa kugeuza kila ushauri wa kiroho kuwa tofali jingine. Niliwahi kuwa na ratiba ya kusoma Biblia yote kwa mwaka mmoja, yenye visanduku vya kutia alama, na nakumbuka siku niliyosoma Zaburi 23 kwa muda mfupi kuliko ule ninaoutumia kuandika mstari huu, nikatia alama, nikaridhika. Sasa ninasoma kidogo. Kuna wiki niliyosoma Zaburi 131 peke yake, mistari mitatu tu, ambamo mwimbaji anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa kunyonya kifuani mwa mama yake. Mtoto anayenyonya humhitaji mama kwa ajili ya maziwa, hulia, hutafuta. Aliyeachishwa anakaa kifuani hatafuti kitu, anamtaka mama tu. Kwa muda mrefu sala zangu zilikuwa za kutafuta maziwa.

Siku yangu ya pumziko huanza jioni ya Jumamosi. Katika Mwanzo 1 siku zote huhesabiwa hivyo, ikawa jioni ikawa asubuhi, na Kiswahili bado kina kumbukumbu ya hesabu hiyo tunaposema usiku wa kuamkia Jumapili, usiku tunaoufungamanisha na siku inayokuja. Kumbe siku huanza kwa kulala. Kabla mtu hajagusa chochote Mungu amekwisha kufanya kazi saa nyingi, na anayeamka anaikuta siku inaendelea. Jioni hiyo ninazima simu na kuiweka kwenye droo, ninaandika kwenye karatasi yale ambayo hayajakamilika, ninayasoma kwa sauti mbele za Mungu, kisha ninaifunga karatasi ndani ya droo ile ile. Mara ya kwanza mikono ilitetemeka kidogo. Bado kuna Jumapili ninazoshindwa, na miezi michache iliyopita niliifungua droo saa moja baada ya kuifunga, nikakuta ujumbe mmoja wa tangazo.

Najua kuna watakaosoma haya na kusema kwamba pumziko ni la wenye uwezo, na wana hoja. Muuguzi wa zamu, mlinzi wa usiku, mama mwenye kichanga, mtu ambaye asipotoka leo nyumba haili, hao sina la kuwafundisha kuhusu droo. Ila naomba tuitazame tena amri yenyewe, maana Kumbukumbu la Torati 5 haimwambii mwenye nyumba apumzike peke yake. Inawataja mwanawe na binti yake, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye ndani ya malango, ili mtumwa na mjakazi wapumzike kama yeye. Kwa hiyo pumziko langu likijengwa juu ya jasho la mtu mwingine ambaye kwa sababu yangu hapati kupumua, nimekuwa Farao mwenye likizo. Nilianza kuwauliza walio chini yangu kazini kama ujumbe wangu wa saa tano usiku uliwafikia wakiwa wamelala, na majibu yao yalinifedhehesha. Na Yesu alisema sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato, kwa hiyo sidhani kwamba muuguzi anayepumzika Jumanne amemkosea Mungu.

Kuna wanawake katika Luka 23 ninaowafikiria kila ninapoifunga ile droo. Walikuwa wamefuata mpaka kaburini, wakaona jinsi mwili wa Yesu ulivyowekwa, wakarudi, wakafanya tayari manukato na marhamu. Kazi yao ilikuwa ya haraka kuliko zote, kwa kuwa mwili hausubiri. Lakini Sabato ilikuwa inaingia, na Luka anaandika kwamba siku ya Sabato walistarehe kama ilivyoamriwa. Sijui mtu mwenye huzuni ile anastareheje akiwa na manukato tayari chumbani. Walikaa. Walipokwenda alfajiri ya siku ya kwanza ya juma, wakiwa wamebeba yale waliyoyatayarisha, kazi waliyoiendea haikuwepo tena. Ilikuwa imefanyika nyingine, bila wao.

Hivi karibuni nilikwenda kumtembelea yule mama, safari hii bila kikao mbele yangu. Nilimwamkia nikiwa nimeketi, nikamuuliza hali, naye akanieleza kwa kirefu, kuanzia magoti mpaka wajukuu. Kisha akasema tuombe. Aliomba maneno machache, akanyamaza, nami nikanyamaza. Ukimya ulipokuwa mrefu nilifungua jicho moja kumtazama, nikamwona amesinzia kitini, kichwa kimeinama, mikono bado imefumbatwa. Nilitaka kuondoka kwa kunyata, nikaacha. Nilibaki nimeketi pale pale, nikimsikiliza anavyopumua, mpaka akaamka mwenyewe na kusema amina.